Joseph Lister, Mwalimu wa Wapasuaji

Mwanafunzi wa ualimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza huwa na andalio la somo lililoandikwa kwa uangalifu. Malengo yamepangwa, zana zimetajwa, maswali yamehesabiwa. Walakini dakika kumi baada ya somo kuanza, aghalabu hutupa jicho nyuma ya chumba alipoketi mkufunzi wake, kana kwamba anauliza ni kitu gani kilichosahauliwa katika kitabu cha mbinu. Sisi tuliokwisha keti huko nyuma mara nyingi twajua kwamba kitabuni hakikusahauliwa kitu. Yaliyoandikwa yote ni kweli; ila mwanafunzi huyo hajapata kumwona mtu akiyatenda, au ameyaona lakini hajayatenda yeye mwenyewe mbele ya mtu wa kumrekebisha.

Jambo hili halitusumbui sisi walimu peke yetu. Wapasuaji nao, ambao kosa lao halifutwi kwa kifutio, wamelifikiria sana. Mwaka 1965 daktari Michael DeBakey alipasua moyo wa mgonjwa mjini Houston, Marekani, na madaktari waliokuwa Geneva, ng'ambo ya bahari, wakaitazama kazi hiyo kwa njia ya setilaiti iliyoitwa Early Bird. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kukusanyika, mikutano ya mafunzo ya wapasuaji katika nchi nyingi ilihamishiwa kwenye kompyuta na simu, kila mmoja akiwa kwake. Tangu hapo wamekuwa wakibishana kama mkutano wa mbali watosha, ama ni sharti watu wakutane ana kwa ana. Wanaoutetea mkutano wa mbali husema kwamba hauhitaji nauli, na kwamba daktari wa hospitali ya wilaya aweza kumsikiliza bingwa ambaye vinginevyo asingemwona maishani. Wanaoutilia shaka husema kwamba mkono haufundishwi kwa picha.

Swali hili ni la zamani kuliko setilaiti. Liliulizwa, na kwa kiasi kikubwa likajibiwa, katika maisha ya Joseph Lister, mpasuaji Mwingereza aliyewafundisha madaktari wa dunia kukinga vidonda visioze. Tutayasimulia maisha hayo kwa jicho la mwalimu. Nishani na vyeo vyake, ambavyo vilikuwa vingi, tutavipita haraka.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 huko Upton, karibu na London, katika nyumba ya watu wa madhehebu ya Marafiki, madhehebu yale yale ambayo wafuasi wake kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo ambaye jioni, baada ya kufunga hesabu zake, alishughulika na vioo vya hadubini. Aliviboresha vioo hivyo kiasi cha kuingizwa katika Chama cha Kifalme cha wanasayansi, ingawa hakupata kusoma chuo kikuu. Hivyo mtoto alikua katika nyumba ambamo jambo halikukubaliwa mpaka limetazamwa. Baba alimkalisha mwanawe mbele ya hadubini na kumwacha aone mwenyewe. Twaomba msomaji alishike jambo hili dogo.

Kwa kuwa vyuo vya Oxford na Cambridge siku hizo vilifungwa kwa watu wasio wa kanisa la serikali, kijana huyo alisoma University College, London, akamaliza masomo ya udaktari mwaka 1852. Mwaka uliofuata mwalimu wake mmoja, William Sharpey, alimshauri aende Edinburgh, Uskoti, kumtazama mpasuaji mashuhuri James Syme akifanya kazi. Lister alichukua barua ya utambulisho akaondoka, akikusudia kukaa mwezi mmoja. Alikaa miaka saba.

Kilichomzuia huko kilikuwa namna ya kufundisha. Katika vyuo vingi vya wakati huo mhadhiri alisimama mbele ya wanafunzi akasoma kutoka karatasi zake, na mgonjwa aliyezungumzwa hakuwapo. Syme aliamuru mgonjwa mwenyewe aletwe katika ukumbi, akaulizwe, akaguliwe, na ugonjwa wake ujadiliwe mbele ya macho ya wote. Kisha wanafunzi hao hao wakaona upasuaji na matokeo yake. Lister akawa msaidizi wa Syme, na mwaka 1856 akamwoa binti yake, Agnes. Kwa ndoa hiyo alitoka katika madhehebu ya Marafiki. Fungate yao waliitumia kuzungukia hospitali za Ulaya, jambo linalotueleza mengi juu ya bwana arusi, na juu ya bibi arusi pia.

Agnes Lister anastahili zaidi ya sentensi moja. Kwa miaka mingi ndiye aliyeandika kwa mkono wake maneno aliyosomewa na mumewe, kurasa hata kurasa, pamoja na matokeo ya majaribio waliyoyafanya nyumbani, ya miguu ya vyura chini ya hadubini, ya damu inayoganda, ya maziwa yanayochacha. Hata hivyo Lister huyo huyo hakukubali wanawake wasomee udaktari, na walipodai haki hiyo Edinburgh yeye alikuwa upande wa waliokataa. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili. Mtu aweza kuona vema sana kupitia kioo cha hadubini asione lililo upande wa pili wa meza yake mwenyewe.

Mwaka 1860 alipewa uprofesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka uliofuata akakabidhiwa wodi katika hospitali kuu ya mji huo. Hapo alikutana na adui wake. Dawa ya usingizi ilikuwa imeanza kutumika tangu mwaka 1846, nao wapasuaji waliweza sasa kukata bila mgonjwa kupiga mayowe. Lakini baada ya kisu kilikuja kidonda, na baada ya kidonda zikaja homa, usaha na donda ndugu. Madaktari walipasua wakiwa wamevaa makoti ya zamani yaliyokauka damu, wakatoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kunawa. Waliamini kwamba uozo waletwa na hewa mbaya ya hospitali, na hewa haioshwi. Wodi za Lister zilikuwa mpya, lakini sakafu ya chini ilipakana na makaburi ya watu waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1849, majeneza yakiwa kina kifupi tu chini ya udongo. Kwa waliokatwa mkono au mguu katika wodi zake kabla ya njia yake mpya, hesabu aliyoitoa baadaye ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 35 walikufa 16.

Mwaka 1865 mwenzake wa kemia, Thomas Anderson, alimwelekeza kwenye maandishi ya Mfaransa Louis Pasteur, aliyeonyesha kwamba uchachu na uozo husababishwa na vijidudu vilivyo hai. Lister alikuwa na hadubini tangu utotoni. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kama uozo ni kazi ya vijidudu, basi yafaa kuviua kabla havijaingia katika nyama. Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle ulitumia asidi ya kaboliki kuondoa uvundo wa maji machafu. Akaichukua asidi hiyo. Tarehe 12 Agosti 1865 aliletewa kijana wa miaka 11, James Greenlees, aliyekanyagwa na gari la farasi na mfupa wa mguu ukatoboa ngozi. Jeraha la namna hiyo kwa kawaida lilimaanisha kukatwa mguu, na mara nyingi kifo. Lister alilisafisha kwa asidi, akalifunika kwa kitambaa kilicholowa asidi, akasubiri. Halikuoza. Baada ya majuma sita mfupa ulikuwa umeunga.

Katika miaka ya 1867 hadi 1869, kati ya wagonjwa 40 aliowakata viungo, waliokufa ni 6.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mwaka 1867 Lister alichapisha njia yake katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet, sehemu baada ya sehemu, akieleza mgonjwa mmoja mmoja. Gazeti hilo lilisomwa kila mahali palipokuwa na daktari asomaye Kiingereza. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba somo lake lilirushwa ulimwenguni kote kwa mkupuo mmoja. Lilipokelewaje?

Wengi walisoma neno moja tu: kaboliki. Wengine walisema dawa hiyo si mpya, kwani Wafaransa walikwisha kuitumia, na mzozo mzima ukageuka kuwa ugomvi juu ya nani alitangulia. Wengine waliijaribu. Walimimina asidi katika kidonda kilichokwisha oza, au walikiosha vizuri siku ya kwanza, kisha kila asubuhi wakafunua bendeji na kuingiza kidole kisichooshwa kuona kama kinapona. Kilipooza walitangaza kwamba njia ya Lister haifai. Mwaka 1869, katika mkutano wa madaktari uliofanyika Leeds, njia hiyo ilishambuliwa vikali na mpasuaji ambaye mwenyewe hakuwa ameijaribu. Tusiwacheke sana watu hawa. Walikuwa wamesoma maandishi sahihi, na wengi wao walikuwa waaminifu.

Lister naye alikuwa na sehemu yake ya lawama. Alikuwa mzito wa kuandika. Makala zake zilichelewa, na hakuandika hata kitabu kimoja cha upasuaji maishani mwake. Isitoshe, hakuacha kuibadili njia yake. Aliyesoma maelezo ya mwaka 1867 alijifunza kutumia lihamu ya chokaa na asidi iliyotandazwa juu ya karatasi ya bati. Miaka michache baadaye Lister mwenyewe alikwisha kuiacha, akitumia shashi iliyotiwa dawa, matabaka manane, na kitambaa kisichopitisha maji kati ya la saba na la nane, na kipande cha hariri juu ya kidonda ili asidi yenyewe isiichome nyama inayoota. Asidi ya kuloweka vyombo ilichanganywa sehemu moja kwa ishirini za maji, na ya kunawia mikono moja kwa arobaini. Kwa msomaji wa mbali mabadiliko haya yalionekana ni kutangatanga. Kwa mtu aliyesimama kando ya kitanda yalionekana jinsi yalivyokuwa: kanuni ni moja, kwamba kisiguse kidonda kitu chochote chenye uhai usiotakiwa, na yote mengine ni zana tu zinazobadilishwa kila ipatikanapo iliyo bora.

Ndiyo maana waliokuja kuona walifaulu pale waliosoma walipokwama. Mfaransa Just Lucas-Championnière, akiwa bado kijana, alifika Glasgow mwaka 1868, akarudi Paris na njia nzima mikononi. Mathias Saxtorph wa Copenhagen alikwenda Uskoti, akaona, akarudi; mwaka 1870 aliandika kwamba katika hospitali yake sumu ya usaha ndani ya damu, iliyokuwa ikiwaua watu mfululizo, ilikuwa imetoweka. Tuzingatie pia kwamba habari hiyo ilikuja kwa barua. Barua ya Saxtorph ilieleweka, kwa kuwa aliyeiandika na aliyeisoma walikuwa wamesimama pamoja mbele ya kidonda kimoja.

Lakini kisa kinachotufaa zaidi ni cha München, Ujerumani. Katika hospitali ya Johann von Nussbaum donda ndugu lilikuwa limeenea hata likashika sehemu kubwa ya wagonjwa wote wenye majeraha. Nussbaum hakuwa mvivu wala mkaidi. Alisoma kila kilichoandikwa, akajaribu dawa hii na ile, hata vipande vya njia ya Lister kama alivyovielewa kutoka katika karatasi, na donda ndugu likazidi. Hatimaye alimtuma msaidizi wake, Lindpaintner, aende kwa Lister akatazame kila kitu. Kijana aliporudi, njia nzima ilianzishwa mara moja katika wodi zote mwaka 1875, bila kuacha hatua, na donda ndugu likakoma. Asidi iliyotumika ilikuwa ile ile iliyokuwako hospitalini hapo kabla.

Twadhani kila mkufunzi angependa kujua Lindpaintner aliona nini ambacho hakikuwa katika The Lancet. Kwa sehemu kubwa aliona mambo ambayo mwandishi haoni haja ya kuyaandika. Aliona kwamba sindano ikianguka hairudishwi kazini mpaka imeloweshwa tena; kwamba msaidizi akigusa shuka hunawa upya; kwamba shashi hufunuliwa kwa taratibu maalumu, na hata mkasi wa kuikatia huwa umelowa dawa. Aliona pia daktari mkuu akirudia kunawa bila kuona haya mbele ya wanafunzi. Mambo haya humwingia mtazamaji bila kutajwa, kama vile mwanafunzi wetu anavyojifunza kutoka kwa mwalimu mzoefu mahali pa kusimama anapoandika ubaoni, ingawa hakuna aliyempa somo hilo.

Nchini Tanzania jambo hili lilipata kujaribiwa kwa walimu wenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule zilipohitaji walimu wengi kwa haraka ili watoto wote waingie darasa la kwanza, vijana wengi walifunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini. Masomo yaliwafikia kwa posta na kwa redio. Walakini mpango huo haukuishia katika posta na redio: kulikuwa na waelimishaji waliowatembelea na kuwaona wakifundisha, na muda wa kukaa pamoja chuoni. Waliopitia njia hiyo waweza kutueleza vizuri zaidi kuliko sisi ni sehemu ipi iliyowafaa zaidi.

Wala isidhaniwe kwamba maarifa ya kidonda safi yalikuwa mali ya Ulaya peke yake. Mwaka 1879 Robert Felkin, mtu aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, akamwona mganga wa hapo akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha na tumbo la mgonjwa, kisha kwa maji. Akapasua, akatoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa misumari myembamba ya chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Wapasuaji wa Ulaya waliisoma kama jambo la kustaajabisha, wasifunge safari kwenda kujifunza. Jina la mganga yule halikuandikwa, na wanafunzi wake hatuwajui. Alikuwa fundi aliyefundisha kwa mkono, na mkono wake ulipoondoka ukabaki ukurasa wa mpita njia.

Turudi kwa Lister. Mwaka 1869 alirejea Edinburgh kushika nafasi ya Syme. Alisafiri kwa treni akiwa amepakata chupa zenye mkojo, shingo zake ndefu zikiwa zimepindwa ili hewa iingie bila vumbi. Mkojo huo, uliochemshwa miaka miwili nyuma, ulikuwa bado haujaoza, ila ule wa chupa yenye shingo iliyonyooka. Abiria wenzake bila shaka walishangaa. Hakuwa na zana bora ya kufundishia kuliko hiyo: mwanafunzi aliiangalia kwa macho yake akajua kwamba hewa tupu haiozeshi kitu. Yeyote kati yetu aliyepanda basi na ndoo ya mbegu zilizoota kwa ajili ya somo la sayansi atamwelewa profesa huyo.

Miaka ya Edinburgh ilikuwa kilele cha ualimu wake. Hakuwa msemaji hodari, kwani alikuwa na kigugumizi kidogo. Lakini mamia ya wanafunzi walijaa ukumbini. Mgonjwa aliletwa, Lister akaeleza, akatenda, na siku zilizofuata wanafunzi wakaonyeshwa kidonda kile kile. Waliochaguliwa kuwa wasaidizi walifunga vidonda wao wenyewe akiwaangalia. Wageni walifika kutoka nchi nyingi na kurudi makwao na somo hilo.

Mtu aweza kudhani kutokana na haya kwamba kukutana ana kwa ana kwatosha. Hasha. Mwezi wa Septemba 1876 Lister alivuka bahari kwenda Philadelphia, Marekani, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari. Alizungumza kwa zaidi ya saa mbili mbele ya wapasuaji wakubwa wa nchi hiyo. Walikuwa naye katika chumba kimoja, wakimwona uso na kuisikia sauti yake. Samuel Gross, aliyeheshimiwa kuliko wote mjini hapo, hakushawishika, na wengi wakamfuata yeye. Kabla ya kurejea kwao Lister alialikwa New York, akampasua mgonjwa mwenye jipu mbele ya wanafunzi, akieleza kila hatua. Na huko Boston, Henry Bigelow aliikubali njia hiyo na kuiingiza hospitalini. Lakini ukumbi wa Philadelphia ulibaki na hotuba tu.

Miaka mitano baadaye, tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington. Madaktari waliitafuta risasi mgongoni mwake kwa vidole na vyombo visivyosafishwa, siku baada ya siku. Risasi yenyewe ilikuwa imetulia mahali ambapo haikupasa kumuua. Alikufa tarehe 19 Septemba, mwili wake umejaa usaha. Mmoja wa wapasuaji walioitwa kumtibu alikuwa David Hayes Agnew wa Philadelphia. Mchoraji wa mji huo, Thomas Eakins, ametuachia picha mbili kubwa ambazo mwalimu aweza kuzitundika pamoja. Katika ile ya mwaka 1875 Gross anapasua akiwa na koti jeusi la mitaani, mkono umejaa damu. Katika ile ya mwaka 1889 ni Agnew huyo huyo, naye na wasaidizi wake wamevaa mavazi meupe.

Mwaka 1877 Lister aliitwa London, King's College. Wanafunzi wa Edinburgh walimwandikia wakimsihi asiondoke. Aliondoka, kwa kuwa aliona kwamba London ndiyo iliyobaki bila kuamini, na kwamba haiwezi kuaminishwa kutoka mbali. Alichukua wasaidizi wanne aliowafundisha mwenyewe, mmojawao William Watson Cheyne, maana alijua hatapata huko mikono inayojua kazi. Mapokezi yalikuwa baridi. Hotuba yake ya kwanza, iliyohusu maziwa na uchachu wake, iliwachekesha wanafunzi, wakapiga kelele. Baada ya hapo ukumbi ulikaribia kuwa mtupu. Sababu yake haikuwa chuki. Watahini wa London hawakuiamini njia ya Lister, na mwanafunzi aliyejibu kwa njia hiyo alihofia kuanguka. Hapa twaona kwamba mwalimu bora, mgonjwa halisi na mkono wa kuongoza vyote vilikuwapo, na bado karatasi ya mtihani ikawashinda.

Alichofanya Lister ni kupasua. Tarehe 26 Oktoba 1877, mbele ya watu, alifungua goti la mtu aliyevunjika kilegesambwa akavishona vipande kwa waya wa fedha. Kufungua goti zima lisilo na kidonda kulihesabiwa kuwa kuhatarisha maisha ya mtu bure, na wapo waliosema kwamba mgonjwa akifa mpasuaji ashtakiwe. Mgonjwa alipona, akatembea. Mwaka 1883 Lister alipozungumzia upasuaji wa namna hiyo mbele ya chama cha madaktari cha London, aliwaleta wagonjwa wenyewe, wakatazamwa wakikunja na kukunjua magoti. Mabishano yalipungua sana baada ya hapo.

Naye alijifunza kutoka kwa wengine. Kwa miaka mingi alitumia mashine ya kurusha mvuke wa asidi hewani wakati wa kupasua, ambayo iliwachoma wote macho na mikono. Wajerumani walionyesha kwamba hatari kubwa haikuwa hewani bali katika mikono na vyombo. Mwaka 1890, katika mkutano wa Berlin, Lister alikiri mbele ya wapasuaji wa dunia kwamba aliona aibu kupata kuipendekeza mashine hiyo. Taratibu ya leo ya kuchemsha na kuvukiza vyombo kabla ya kazi imetokana zaidi na Wajerumani hao.

Alistaafu, na mwaka 1893 Agnes alifariki ghafula huko Rapallo, Italia, walipokuwa mapumzikoni. Tangu hapo mumewe hakuandika mengi. Alifanywa rais wa Chama cha Kifalme mwaka 1895, akapewa ubwana mwaka 1897. Alikufa Walmer, kando ya bahari, tarehe 10 Februari 1912.

Maandishi yake yaliyotawanyika yalikusanywa katika juzuu mbili mwaka 1909, miaka zaidi ya arobaini baada ya The Lancet kuyachapisha ya kwanza. Wapasuaji waliotaka kitabu cha kuwafundisha njia hiyo walikuwa wamekwisha kukipata kwingine: cha Kifaransa kilitoka mwaka 1876, cha Kiingereza mwaka 1882. Kile cha kwanza kiliandikwa na Lucas-Championnière, aliyefika Glasgow akiwa kijana. Cha pili kiliandikwa na Watson Cheyne, aliyefunga vidonda katika wodi za Edinburgh huku Lister akimwangalia.